Nilinyoa, Wakaja Kulia

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Bariadi ina ule upepo wa mwezi wa saba unaopuliza kidogo, ukapumzika, ukapuliza tena. Nimekaa kizingitini, kanga mabegani, kichwa wazi.

Leo nimeamka nikiwa bado shambani. Ndotoni nilikuwa nachuma pamba, na kila kitumba nilichokifungua kilikuwa na nywele ndani yake, nyeusi, laini, kama zimetoka kupakwa mafuta sasa hivi. Nikazijaza kwenye shuka, nikafunga furushi, nikajitwika, na furushi halikuwa na uzito wowote. Nikainua mkono kulishika lisipeperuke. Mkono ukagusa ngozi.

Sina nywele.

Nililala pale pale kwa muda, mkono kichwani, nikingoja kusikitika. Sikusikitika. Mpaka sasa nashangaa.

Ninyi mnaopita kwenye ukurasa huu mnanijua kwa nywele. Mmesoma habari za mafuta yangu ya nazi, ya mnyonyo, maji ya mchele, na mmenivumilia nikinuna wiki nzima kwa sababu ya ncha zilizokatika. Nina duka dogo la kutoa kopi na kuchapa barua karibu na stendi, na wapo wateja waliokuja na karatasi moja tu ili wapate kuniuliza nafanyaje zikarefuka vile. Nilipenda kuulizwa. Miaka kumi na moja ya shule nilinyolewa kama wasichana wote, na siku niliyomaliza kidato cha nne niliapa kwamba mkasi hautanigusa tena.

Nilikishika kiapo hicho hata pale nilipopaswa kukivunja. Hili sijawahi kuliandika hapa.

Baba yetu alifariki miaka minne iliyopita. Kwetu Zagayu, baada ya kuzika, watoto wa marehemu hukalishwa kwenye kigoda uani wakanyolewa, na nywele zao ndizo kwaheri yao. Dada yangu Kabula alikaa wa kwanza. Mimi nilisema tumbo linaniuma, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikapanda pikipiki nikarudi mjini. Kesho yake nikarudi kwenye matanga, na kijiji kizima kiliniona nikiwa na nywele zangu zote kichwani. Jirani yetu Mama Ngolo, ambaye hajawahi kuficha neno tangu azaliwe, alisema mbele yangu, "Huyu hata afe nani, hanyoi."

Nilikasirika. Lakini nilijua hajakosea.

Mwaka jana Kabula akapatikana na saratani. Tulikwenda Mwanza, tukarudi, tukaenda tena, na dawa zikamaliza nywele zake ndani ya wiki tatu. Zilibaki kwenye mto, kwenye kanga, kwenye sahani ya chakula. Kabula ndiye mwalimu wa kwaya kanisani kwetu. Kazi yake ni kusimama mbele, ainue mikono, na watu wamtazame. Alipojiona kwenye kioo cha pale hospitali alijifunga kitenge kichwani, na tangu siku hiyo alilala nacho.

Dawa ziliisha mwezi wa tano. Daktari akasema anaendelea vizuri, nywele zitarudi zikitaka. Nikamrudisha kwa mama yetu, tunayemwita Mayu, Jumapili asubuhi watu wakiwa ibadani, kwa sababu Kabula hakutaka aonekane. Akamwomba Mayu jambo moja. Watu wakiuliza, awaambie bado yuko Mwanza.

Mayu hajui kudanganya. Akidanganya hushika sikio lake. Lakini alidanganya, kila siku, kisimani na dukani, wiki tisa. Nyumba yetu imezungukwa na minyaa mirefu, kwa hiyo aliye ndani haonekani njiani. Kanisa lenyewe haliko mbali. Kila Jumapili kwaya ilimwombea mwalimu wao aliye Mwanza apone arudi, naye amelala hatua mia tatu kutoka hapo akiwasikiliza. Kuna siku nilimkuta amefumba macho, kidole kinapiga pembe ya kitanda taratibu, midomo inaimba bila sauti. Alikuwa kama mtu anayeota yuko mahali fulani, na mahali penyewe ni hapo alipo.

"Nikipata nywele nitatoka," aliniambia.

Hakusema nikipona. Alisema nikipata nywele. Ugonjwa ulikuwa umemwacha, lakini yeye alikuwa hajarudi, na niliogopa kwamba ukipita mwaka hivi hatarudi kabisa.

Hapa mjini kuna Mama Husna, mtu wa Tanga aliyeletwa huku na uhamisho wa mumewe. Ana saluni, na pembeni hushona mawigi kwa nywele halisi za watu. Wanawake wachache humwachia nywele zao bure, naye huwashonea wagonjwa waliopoteza zao. Niliona mifuko miwili kabatini kwake, imefungwa vizuri, haina majina. Alisema kichwa kimoja hakitoshi wigi zuri, vitatu vinatosha. Vya kwanza viwili alikuwa navyo.

Nilizunguka saluni ile kwa siku kumi. Nilipita kwa mbele, nikapita kwa nyuma, nikanunua karanga nisizozitaka. Nilijiambia labda atapatikana mwingine. Nilijiambia Kabula mwenyewe hajaniomba. Mchana mmoja dukani nilikuwa natoa kopi vyeti vya mtu, mashine inapiga mwanga wake wa kijani, nikajikuta nasubiri nione kwenye karatasi uso wangu nikiwa sina nywele. Ikatoka karatasi ya yule mteja. Nikafunga duka.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Mama Husna alinigawa kichwa mabutu kumi na sita, kila moja amelifunga mpira kwenye shina, akasema, "Bismillahi, mwanangu, funga macho." Nikafunga. Mkasi ulilia karibu na sikio kama ng'ombe anayetafuna mabua. Kisha mashine ya kunyolea ikasawazisha.

Kilichoniumiza hakikuwa mkasi. Kwetu nywele hazitupwi ovyo wala haziachwi mikononi mwa mtu, zinafukiwa au zinachomwa, na sababu yake, wachawi, kila mtoto wa Kisukuma anaijua. Nilisimama mlangoni nikitazama mabutu yangu yakiingia kwenye mfuko wa tatu. Miguu ikakataa kuondoka. Mama Husna akaniuliza kama nimesahau kitu. Nikasema ndiyo, kisha nikasema hapana.

Jana Jumamosi nikaenda Zagayu. Sikumpigia mtu simu, nilitaka nimshangaze Kabula. Mambo yote ya jana yalitokana na hilo.

Njia yetu inapita kwenye kituo cha kununulia pamba. Wanawake walikuwa wamekalia mafurushi yao wakingoja mizani, na nyuzi za pamba zinaelea hewani pole pole, zinatua kwenye miiba, kwenye mabega, kwenye kope. Pikipiki ilipofika hapo upepo ukanivua kanga ikaangukia shingoni. Macho yalikuwa yanatoka machozi kwa vumbi. Mama Ngolo akanisalimia kwa sauti, "Mwangaluka, Limi!" Nikainua mkono tu, nikapita.

Huku kwetu ukipita watu bila kusimama kusalimia, ama umelewa, ama umefiwa. Na mimi silewi.

Mayu alikuwa shambani. Kabula alinifungulia mlango, akaona kichwa changu, akaweka mkono mdomoni. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani kafa?"

Ningesimama hapo hapo nikafikiri. Dada yangu mwenyewe ameuliza hivyo, je, wale wa kituoni? Lakini sikufikiri, nilikuwa nimejaa habari yangu. Nikamweleza wigi, mifuko mitatu, Mama Husna. Kabula alicheka, akalia, akacheka tena. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akafungua kitenge, akakiweka kitandani.

Sikuwa nimekiona kichwa chake tangu Mwanza. Kuna vinywele vyembamba vimeanza, rangi ya majivu, hapa vipo hapa havipo. Akaleta mafuta. Akanipaka mimi, nami nikampaka yeye, kama utotoni, kabla sijaanza shule, aliponikalisha kati ya magoti yake kunisuka twende kanisani. Tukakaa kitandani bega kwa bega mbele ya kioo kidogo cha Baba cha kunyolea ndevu. Kichwa changu kina bonde kisogoni, sikuwahi kujua. Jua lilikuwa linaingia dirishani na vumbi lake. Ningeweza kukaa pale siku nzima.

Ndipo tukasikia kilio.

Kilianza mbali, upande wa kituoni, kikaja kinakua. "Mayu wane! Mama yangu! Kabula wetu! Kabula wa kwaya!" Sauti ya Mama Ngolo ilikuwa mbele ya zote. Kabula akanishika mkono.

"Limi," akanong'ona. "Wananililia mimi."

Nikachungulia. Walikuwa wanaingia kwa mstari kwenye mlango wa minyaa. Wanawake wana kuni vichwani, ndoo za maji, unga kwenye beseni, na nyuma yao wanaume wawili wameshika majembe. Nikatoka mbio uani nikisema hapana, hapana jamani, hapana! Lakini mwanamke aliyenyoa, macho mekundu, anapiga kelele hapana mbele ya waombolezaji, nani atamwamini? Ndivyo wafiwa wote wanavyosema. Mama Ngolo akanikumbatia mpaka pumzi ikanikata. "Pole, mwanangu. Kwa baba yako ulikataa. Kwa dada yako umenyoa. Mungu amekuona."

Nilikuwa bado nimebanwa kifuani kwake nilipomwona Mayu.

Alikuwa anakuja na njia ya shambani. Kilio kilikuwa kimemfikia huko. Hakuwa na viatu. Kanga aliyofungia pamba kiunoni ilikuwa imefunguka, na pamba inaanguka nyuma yake punje punje, mstari mweupe njia nzima. Hakuwa analia. Alikuwa anakimbia kimya, mdomo wazi, na mwendo wake ulikuwa kama wa mtu anayekimbia ndani ya maji. Asubuhi alimwacha mtoto wake mzima na kikombe cha uji. Sasa kijiji chote kiko uani na kuni.

Sitaisahau sura ile. Niliisababisha mimi.

Nikajivuta nimkimbilie, Mama Ngolo hakuniachia. Kilichotokea ni mlango kufunguka kwa kishindo nyuma yangu. Kabula alipita. Hakuwa na kitenge wala viatu, kichwa kinang'aa mafuta. Alipita katikati ya watu waliokuja kumlilia, mwanamke mmoja akaangusha ndoo, mwingine akaita jina la Yesu, mwanaume mmoja akatupa jembe, naye hakumtazama yeyote. Akamkuta Mayu kwenye mlango wa minyaa.

Mayu akakishika kile kichwa kwa mikono yote miwili. Akakipapasa mbele, nyuma, masikioni, anavyompapasa mtoto mwenye homa.

"Ng'wanawane, mwanangu," akasema. "Uji umekunywa?"

"Nimekunywa, Mayu."

Ndipo Mayu akakaa chini, pale pale njiani, akalia.

Kisha Mama Ngolo, aliyekuwa amekaa kwenye tope la ile ndoo, akauliza, "Sasa huyu si yuko Mwanza?" Wote wakamgeukia Mayu. Mayu akashika sikio. Kicheko kikaanzia kwa wanaume, kikafika kwa wanawake, kikatufikia na sisi.

Kuni za msiba hazirudishwi nyumbani, ni mkosi. Kwa hiyo zikawashwa. Unga ukasongwa, jogoo akachinjwa, tukala chakula cha matanga ya mtu aliyekaa nasi akila. Nusu ya kwaya ilikuwepo. Kabula aliwasubiri wamalize kunawa mikono, kisha akawaambia, kichwa wazi, "Sauti ya pili mnaimba vibaya. Wiki tisa nawasikia, mnanitesa."

Jioni nikimsaidia kuosha vyombo nilimwambia, nikijiona nimekuwa na hekima, kwamba labda sasa wigi halina haja tena.

"Usiniletee maneno hayo," akasema. "Wigi langu nalitaka. Tena Mama Husna asilifanye fupi."

Basi. Atapata wigi lake.

Kabla sijapanda pikipiki kurudi nilizunguka nyuma ya nyumba, njia ile ile niliyokimbilia siku ya kunyoa. Kaburi la Baba liko hapo. Nilikuwa nalipita kwa mbali miaka yote minne. Jana nilisogea, nikavua kanga, nikainama ili aone vizuri.

Nikamwambia ukweli, kwamba sikunyoa kwa ajili yake. Nilinyoa kwa ajili ya Kabula. Lakini kichwa ni hiki hiki kimoja, Baba, na kama utakipokea kwa kuchelewa, nimekileta.

Upepo ukapita juu ya ngozi. Nilisimama mpaka dereva akapiga honi.

Jua linazama sasa, na kizingiti kimeanza kupoa. Chanuo langu bado liko dirishani. Kesho nitaamka, nitanyoosha mkono kulichukua, kisha nitakumbuka.