Mashine Inayobebwa na Mtu Mmoja

Jumatatu jioni. Migori imenyeshewa tangu saa tisa, umeme umerudi sasa hivi, na nguo nilizoanika asubuhi zimeloa tena. Nina uchovu wa safari na aibu ya mtu mzima. Aibu imezidi.

Kesho mchana lazima nimpe jibu fundi wa hapa mjini anayeuza vyombo vya muziki. Anataka mashine zetu mbili za zamani, zile za kuchezea CD, na badala yake anipe kontrola: ubao mmoja mwepesi unaounganishwa na laptopu, kazi yote humo humo. Nikikataa, kuna DJ wa Isebania anaingoja. Kwa mtu mwingine hili ni jambo la dakika tano. Mimi nimelizungusha wiki tatu.

Shida ni kwamba kwangu ipo mashine moja tu.

Ya pili iko Homa Bay kwa Pamela, mwenzangu katika kazi hii. Tulikubaliana hivyo tulipozinunua miaka kumi na minne iliyopita: moja ilale kwake, moja ilale kwangu, asije mmoja wetu akaingiwa na tamaa ya kwenda kazini peke yake. Tulisema kwa mzaha, lakini tukafanya. Sote wawili tumezaliwa Kendu Bay, tukajiita Nyi Kendu, mabinti wa Kendu, na jina hilo ndilo limechorwa kwenye spika. Mmoja wetu akiwa peke yake ni Nyar Kendu tu, na huyo hakuna mtu aliyewahi kumwalika kwenye sherehe.

Wiki hii yote nimekuwa nikikumbuka. Zamani tukifika kwenye harusi, wenyeji walituonyesha jikoni. Tukisema sisi ndio DJ, wanauliza wenyewe wako wapi. Tulikuwa na hedifoni moja, Pamela sikio la kushoto, mimi la kulia, vichwa vimegusana kama wanafunzi wanaoibiana majibu. Tulisikiliza wimbo unaokuja mpaka miguu yake ilingane na ya wimbo unaocheza. Hakukuwa na kioo cha kukuonyesha chochote. Ukikosea, hema zima linajua.

Mashine ya Pamela ilikuwa na kiburi. Watu wakikanyaga kwa nguvu, CD inaruka. Akawa anaitandikia leso iliyokunjwa mara nne, anaisemesha kwa Dholuo, na inatulia. Naapa ilikuwa inamsikia.

Halafu kuna pakruok. Kwa wasiotoka huku: katikati ya wimbo mtu huinua mkono, muziki unakatwa, anapewa maiki, anajisifu na kuwasifu watu wake kwa majina yote anayoyajua. Akimaliza, gitaa lirudi palepale lilipokatwa. Ukilirudisha mapema umemkata kauli, ukichelewa sifa zake zimepoa. Mimi nilishika wimbo kwa kidole, Pamela akamtazama msemaji mdomoni. Alijua mtu anamaliza kabla mwenyewe hajajua. Ananifinya mkono, naachia, watu wanalipuka.

Sasa niandike la jana, maana ndilo lililonileta kwenye ukurasa huu.

Jana Jumapili kulikuwa na ayie upande wa Asumbi, ile siku mama wa msichana anapokubali rasmi binti yake aolewe. Walitualika Nyi Kendu. Nilimwambia Pamela imeahirishwa. Fundi alikuwa ameniazima kontrola niijaribu, nikaitia kwenye begi la shule la mwanangu, nikaenda.

Nilijiambia namwonea huruma mgongo wake, kwa kuwa uliumia mwaka jana tukishusha vyombo. Ni uongo mwingine. Nilitaka kujua kama naweza peke yangu.

Na niliweza.

Hilo ndilo linaloniuma. Ile mashine inalinganisha nyimbo yenyewe, unabonyeza kitufe kimoja. Mawimbi ya wimbo unayaona kwenye laptopu, unajua kishindo kinakuja kabla hakijafika. Masikio yangu yalikosa kazi. Watu walicheza, wazee wakanipungia, na kwa saa mbili nzima sikumkumbuka Pamela hata mara moja. Nilifurahi, siwezi kujidanganya humu.

Kisha shangazi wa bibi harusi akainua mkono. Mama mnene, mchangamfu, kitenge cha kijani. Nikakata muziki. Akamsifu kaka yake, akawasifu wakwe, akajisifu mwenyewe kwa kirefu, halafu akanigeukia.

"Na Nyi Kendu! Wasichana wawili wenye walicheza harusi yangu nikiwa bado kiuno iko! Lakini leo naona mmoja. Nyar Kendu, mwenzako umemwacha wapi?"

Hema zima likacheka, likanitazama. Maiki ikaletwa mdomoni mwangu.

"Ni mgonjwa, mama," nikasema.

Kama ningesema amesafiri, yangeishia hapo. Lakini kwetu huwezi kumtaja mgonjwa mbele ya watu mia mbili ukaachwa uendelee na muziki. Shangazi akafumba macho palepale na kuanza kumwombea. Wakasimama wote, Waadventista na Wakatoliki, kofia zikavuliwa. Aliombea mgongo, akaombea damu, akaomba watoto wa Pamela wasibaki yatima. Mimi nimeinamisha kichwa juu ya mashine ya watu, naitikia amina. Alipomaliza sikujua kwamba amemaliza. Nilikaa na kidole hewani mpaka mtu akapiga kelele, "DJ, rudisha!"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya kutoka Asumbi hadi Homa Bay ni fupi zaidi. Kabla sijakunja nyaya, Pamela alikuwa amepigiwa simu za pole.

Leo asubuhi nikafunga duka langu la fotokopi, nikaenda kwake. Nilimkuta kwenye cherehani anashona sare za shule. Pembeni kulikuwa na mkungu mzima wa ndizi ulioletwa na akina mama wa kanisa lake. Hakuinua kichwa.

"Karibu," akasema. "Mgonjwa amepata nafuu."

Nilicheka, halafu nikalia, nikaanza kueleza vitu vingi kwa pamoja: kontrola, fundi, mgongo, Isebania. Aliniacha nimalize. Pamela ana tabia hiyo mbaya ya kumwacha mtu amalize.

"Atis," akasema, "hiyo machine mimi nilichoka nayo kitambo. Mgongo imenimaliza. Nilikuwa nabeba tu juu nilijua wewe unazipenda."

Mimi sikuzipenda kiasi hicho. Nilizing'ang'ania miaka hii yote, vipuri havipatikani, lenzi nazifuta kwa spiriti kila Ijumaa, kwa sababu nusu ilikuwa kwake. Maadamu nusu iko kwake, lazima aje. Nilidhani kontrola ikiingia, Pamela atabaki na cherehani yake na mume wake na kanisa lake, na tutakuwa tunasalimiana kwenye matanga. Niliogopa hivyo, halafu mimi mwenyewe ndiye niliyeenda peke yangu wa kwanza.

Nikamwambia hivyo. Yote.

Akaingia chumbani, akatoka na mashine yake imefungwa leso, akaniwekea mapajani. Ilikuwa imefutwa vumbi. Nadhani aliifuta jana usiku, baada ya simu zile.

"Peleka," akasema. "Kuuza siyo mbaya. Kunificha ndiyo mbaya."

"Nisamehe, nyaminwa, dada yangu."

"Nimekusamehe. Kula ndizi."

Tukala ndizi. Nikaona mambo yametulia, nikajisahau, nikasema kama ninavyosema siku zote: "Basi Jumapili tuko Rongo, harusi."

Akaweka ganda chini.

"Nani ako Rongo? Mimi sijaulizwa. Miaka yote unapiga simu, tuko Rongo, tuko Awendo, tuko Oyugis. Na mimi nakuja na sanduku kama punda. Siku moja hata uliza, Atis."

Kisha akarudi kwenye cherehani, akakanyaga, na kelele zake zikamaliza mazungumzo. Aliniaga vizuri. Hakusema atakuja na hakusema hatakuja.

Sasa mashine zote mbili ziko mezani kwangu. Ni mara ya kwanza kulala nyumba moja. Nimeziunganisha, nikacheza wimbo wa benga kwenye ile yake, na nilipokanyaga sakafu haikuruka. Nimelia kidogo tena, mwanangu akauliza kama kuna msiba.

Nimeamua. Kesho fundi anazichukua. Kontrola ni nyepesi, inacheza vizuri, na miaka yetu haikukaa ndani ya vyuma vile. Lakini nimeelewa nilichokuwa nikikwepa wiki tatu. Mashine zile, nusu kwake nusu kwangu, zilikuwa zinamwita Pamela kwa niaba yangu. Sikuwahi kumwomba kitu. Kuanzia kesho sina cha kumlazimisha nacho, na mimi kuomba sikujifunza, hata mama yangu alikuwa akilisema.

Nimeandika ujumbe mara nne. Wa kwanza ulikuwa mrefu mno. Wa pili ulikuwa na mzaha. Wa tatu uliutaja mgongo wake, nikaufuta kwa haraka. Wa nne nimeutuma dakika kumi zilizopita:

"Pamela, Jumapili kuna harusi Rongo. Mzigo naweza kuubeba mwenyewe. Naomba tuende wote."

Nimekaa natazama simu, chai imepoa.

Amejibu.

"Saa ngapi?"