Siku Kumi na Moja za Uji

Bigwa, Morogoro
12 Julai 2024

Shemeji yangu Harbans,

Pokea salamu kutoka huku Bigwa, ambako baridi ya Julai imeshuka kutoka mlimani ikanikuta sina nyama ya kuizuia. Goti lako linaendeleaje? Na dukani hapo Arusha, bado unapanda ngazi mwenyewe kuwashushia wateja majora ya vitambaa? Mimi sijambo, kwa kusema tu. Moyo umechoka. Jumapili padre alikuja kunipaka mafuta, nikaungama. Alisema Mungu amenisamehe, ila jambo moja sharti alisikie yule linayemhusu. Ndiyo maana naandika, ingawa mistari inapanda na kushuka kama njia ya Mgeta.

Unakumbuka mama mkwe wangu Angelina alivyokuwa mpishi nyumbani kwenu hapa mjini, hata Paskalia akakua na Kipunjabi kinywani sawa na Kiluguru chake. Miaka hamsini na mbili nilikuwa mume wake, lakini kicheko alichokicheka na wewe kwenye simu kila Jumamosi sikuwahi kukipata. Alikuwa akijipiga mapaja. Nikimwuliza mnacheka nini, hunijibu, "Baba Editha, kikitafsiriwa kinapoa."

Nikashikwa na wivu. Mzee wa miaka sabini na tisa, mwalimu wa sarufi, namwonea wivu mwanamke, shoga wa mke wangu! Nikaenda stesheneri kuchapishiwa masomo ya Kipunjabi kutoka mtandaoni, nikayaficha ndani ya Misale, kitabu changu cha sala. Paskalia akawa anawasimulia majirani jinsi mumewe alivyozidi kumcha Mungu.

Kilichonishinda mwanzoni ni yale maneno madogo. Sisi husema katika chumba. Ninyi mnaanza na chumba, ndipo katika inafuata: kamre vich. Na chumba chenyewe, kamra, kinabadili mwisho wake kwa sababu tu kuna neno linakuja nyuma. Niliumwa kichwa wiki nzima, mpaka Paskalia aliponiambia miwani yangu iko mezani, nikacheka peke yangu. Kumbe hata sisi mkia huo tunao, ile -ni ya mezani. Tangu hapo nikaenda mbio. Te ni juu ya, ton ni kutoka, nu humfuata yule anayetendewa: Harbans nu, Paskalia nu. Nikaandika na Alois nu, nione jina langu linavyokaa hapo.

Pasaka ile uliyokuja kwetu, nilikuwa nimeipika sentensi yangu siku tatu. Nikatamka kwamba chai iko mezani. Ukapiga makofi, ukasema shemeji anaongea kama taarifa ya habari. Paskalia alicheka hadi akafuta machozi kwa kanga. Halafu, kwa heshima yangu, mkahamia Kiswahili mchana kutwa, mkaongea habari za bei ya vitunguu. Nilikuwa nimebisha hodi miaka yote, na nilipoingia mlikuwa mmeshatoka. Sikutamka tena Kipunjabi. Nikaendelea kusoma kimyakimya, nikiwasikiliza.

Sasa Harbans, kaa chini kwanza.

Mwaka jana, Paskalia alipopatwa na kiharusi, nilikwambia hakuweza kusema. Si kweli. Siku ya tatu ulimi ulirudi, ila ulirudi na Kipunjabi peke yake. Editha alidhani mama yake anaweweseka. Kila asubuhi Paskalia alinishika mkono akasema, Harbans nu bulao. Mwite Harbans. Alisema polepole, vizuri kabisa, hata mwanafunzi wangu wa mwisho darasani angeelewa. Editha akaniuliza, "Baba, mama anataka nini?" Nikamjibu anataka uji.

Akaletewa uji. Akageukia ukutani.

Siku kumi na moja, shemeji. Ulipiga simu mara nne, nikakwambia amelala, usisumbuke na safari, ngoja apate nafuu. Ungepanda basi la alfajiri, jioni ungekuwa umeshapita Mikese, umebakiza kidogo kufika kwetu. Siku ya mazishi ukaninong'oneza, "Hata hakuniulizia?" Nikatikisa kichwa. Ukarudi Arusha ukiamini rafiki yako wa miaka sabini alikwenda bila kukukumbuka.

Alikukumbuka kila siku. Mimi nilikaa kando ya kitanda chake nikisubiri. Nilijiambia, siku atakayosema Alois nu, siku hiyo nitakupigia. Hakusema.

Siombi unijibu. Editha atapeleka barua hii posta. Nimeshamweleza yote, na tangu jana ananiletea chakula bila kuketi. Ana haki.

Nisalimie wajukuu, na goti ulikande kwa maji ya moto. Nafasi yangu imeshapimwa kando ya Paskalia. Ukija kumzuru, ongea naye Kipunjabi, mcheke mpendavyo, wala usihamie Kiswahili kwa ajili yangu.

Shemeji yako,
Mwalimu Alois