Nilimletea Baba Mkwe Hesabu Siku ya Posa

Mama mshauri mpendwa, nisaidie, maana ndoa yangu inataka kuvunjika kabla haijafungwa, na kosa langu, kama kweli ni kosa, ni kusema jambo la kweli. Naitwa Casimir, nakaa Panda, kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta kwa maduka ya dawa, na sikufichi, nina maoni juu ya kila kitu: kwamba programu ya zamani inayofanya kazi haiguswi, kwamba kwenye bomba lenye foleni tatu usishangae ya jirani ikienda mbio kuliko yako, si uchawi, ni hesabu tu, na Gaëlle mchumba wangu hucheka akisema nikianza sina kituo, nami nilidhani ananisifu.

Basi Jumamosi tulikwenda kuposa kwa wazazi wake, Shituru, na desturi unaijua, mwenye kuoa hukaa kimya, msemaji wake ndiye anaongea, na wangu alikuwa mjomba Augustin, mambo yakaenda vizuri mpaka Papa Théodore, baba yake Gaëlle, aliposimama akasema kwa sauti ya kutetemeka kwamba binti yake alizaliwa tarehe ileile aliyozaliwa marehemu mama yake yeye mzee, kumi na mbili Machi, na kwamba hiyo ni alama ya Mungu, na hapo, Mama, ulimi ukaniwasha, nikasimama nikasema, "Pardon Papa, ile haiko alama, ni mathématiques." Nikaeleza kwamba wakikusanyika watu ishirini na watatu tu, nafasi ya wawili kuwa na siku moja ya kuzaliwa inapita nusu, na kwa kuwa sebuleni tulikuwa ishirini na saba, nikaanza kuuliza mmoja mmoja, na kwa mtu wa kumi na tisa ikapatikana: Mama Hortense, mama mkwe mwenyewe, na mjomba Augustin, wote tarehe nne Agosti! Mashangazi walicheka mpaka machozi, wakapiga makofi, nikajua nimeshinda.

Mzee hakucheka. "Huyu bwana anakuya kuoa mutoto yangu ao anakuya kutufundisha?" akauliza, akatoka kwenda uani, na jibu la posa hatukupewa. Gaëlle alinisindikiza mpaka barabarani. "Papa alikuwa anasema mambo ya mama yake," akaniambia. "Weye unamuletea calcul!" Tangu siku ile anajibu ujumbe wangu kwa neno mojamoja. Nampenda, Mama, sitaki kumpoteza. Nimeandaa kurasa tatu pamoja na mchoro, mzee aone mwenyewe kwamba sikusema uongo. Nimpelekee leo, au ningoje hasira ipoe?

Casimir, Panda


Casimir mwanangu, kurasa tatu! Zichane kabla hujaendelea kusoma. Na mchoro pia.

Nimecheka, nakiri, hasa nilipofika kwa Hortense na Augustin. Hesabu yako sina ugomvi nayo. Lakini nani alikuuliza? Siku ile ulipewa kazi moja tu, kukaa kimya, ikakushinda. Umemwaibisha mjomba aliyekusemea, umemkatiza mzee mbele ya ukoo wake. Unajua programu ya zamani inayofanya kazi haiguswi. Sasa mzee anayemkumbuka mama yake kwa tarehe moja, ulikwenda kumgusa kwa nini? Akiamini ni alama, wewe unapungukiwa nini?

Usilie lakini. Gaëlle hajakuacha. Mwanamke aliyekuacha hajibu hata hilo neno moja.

Anza kwa mjomba Augustin, umwombe msamaha wa kweli, kwa sababu bila yeye huna mlango wa kurudi Shituru. Yeye atangulie peke yake kuomba siku nyingine. Mkipewa, nenda na jogoo mzima, simu iache nyumbani. Sema, "Papa, nilikosa, unisamehe," uishie hapo. Ukisikia "lakini" inapanda kooni, kunywa maji.

Jambo la mwisho. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ndani yake mna tarehe, mna idadi ya watu wa sebuleni, mna hata mtu wa kumi na tisa. Jina la marehemu bibi yake Gaëlle halimo, na nadhani hukuliuliza. Akishakusamehe, muulize mzee mama yake aliitwa nani, na alikuwa mtu wa namna gani, kisha umsikilize mpaka amalize.