Dakika Ishirini Kutoka Ngara

Biharamulo, Jumatatu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi hii? Ile migomba ya bondeni imesimama baada ya upepo? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio haujatulia. Ningekupigia simu, lakini simu yako hupokelewa na yeyote aliye karibu, na haya nataka uyasome wewe kwanza.

Umenitumia salamu kwamba hapo nyumbani Mabawe nzima inanisifu: Simeoni alikimbia uwanjani, akafukuza ng'ombe, ndege ikatua, dada yake akapata damu. Ni kweli nilikimbia. Sikukuambia ng'ombe walifikaje pale.

Kazi yangu ya kulinda uwanja wa ndege ni pamoja na kufyeka nyasi. Uwanja ni mrefu, na mimi unanijua kwa uvivu. Mzee mmoja mfugaji, jirani yangu, akaniambia, "Waache ng'ombe wangu wale humo, mwanangu. Wewe utapumzika, wao watashiba." Nikakubali. Ndege zenyewe huku ni za nadra.

Asubuhi ile nikapigiwa simu: ndege ya mgonjwa imeruka Ngara, itapitia hapa kuchukua damu, kisha iende Mwanza. Mama, nilirudi kwenye chai yangu. Nilipoajiriwa niliambiwa kabisa kwamba barabara inazunguka, ndege inakata moja kwa moja, dakika ishirini hivi imefika. Lakini kichwa changu ni cha mtu wa basi. Nikisikia Ngara naona Benaco, Nyakahura, Lusahunga, abiria wanashuka kununua ndizi, na nusu siku imekwisha. Nikajisemea, haijafika hata Benaco. Nikachukua kiazi cha pili.

Muuguzi akaja na boksi la damu. "Kaka, hao ng'ombe vipi?" Kabla sijamjibu, ndege ikawa juu yetu. Akatazama karatasi yake, akasema, "Ni mjamzito, anatokwa damu sana. Editha, wa Mabawe."

Dada yangu mwenyewe! Nilitupa kikombe, nikawaendea ng'ombe na fimbo huku napiga kelele, na kelele zangu zikawatawanya uwanja mzima. Ndege ikashuka, ikaona, ikapanda. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu ikashika njia ya Mwanza, nami nikalia kwa sauti. Muuguzi alikuwa ameweka boksi chini, anawaswaga ng'ombe kwa koti lake jeupe. Alipomtoa ndama wa mwisho, ndege ikageuka, ikatua.

Editha alikuwa amelazwa ndani, midomo imempauka. Akanishika kidole. "Kaka, wameniambia ulivyokimbia." Nikamsaidia muuguzi kupandisha boksi. Nimenyamaza hadi leo, hata niliposikia kwamba amejifungua salama, na mkubwa wangu wa kazi bado hajui.

Nisalimie baba mdogo seremala, shangazi wa kwaya, na bibi, umwambie dawa yake ya kikohozi nimeipata.

Jana shemeji, mume wa Editha, alinipigia. Mtoto atabatizwa Jumapili, na mama yake amesema ataitwa Simeoni. Nikakata simu. Mama, msomee Editha barua hii kabla hawajaenda kwa padri. Jina bado wanaweza kubadilisha.

Mwanao,
Simeoni