Chungu cha Mvuke na Chupa ya Kombe

Jumatatu, 3 Machi 1952
Bandeji zimechemka, sindano zimechemka, mgongo unauma. Ndiyo kazi yangu hapa dispensari ya Mchinga: kukifunga chungu cha mvuke kwa skrubu na kungoja mshale wa kipimo upande. Dresa Faustini, mfunga vidonda wetu, Mmwera wa Rondo, anasema mvuke ukibanwa hivyo hakuna kijidudu kinachotoka hai. Leo kakubali nichemshie humo maziwa ya mjukuu wangu, Mwanaidi. Ana siku arobaini na mbili. Mama yake ana jipu la ziwa, mtoto anakunywa maziwa ya mbuzi na kuhara. Naogopa.

Jumanne, 4 Machi
Nimefungua kifuniko mapema. Chupa imepasuka, maziwa hadi darini. Faustini kasema, "Mzee, ngoja mshale ulale. La sivyo utalala wewe." Nikamjibu kwao Rondo chungu wanachokijua ni cha pombe. Kacheka. Chupa za pili zimetoka salama.

Alhamisi, 6 Machi
Bado anahara. Macho yameingia ndani. Faustini ananitazama kama mwizi, anadhani nafungua mapema tena. Sifungui. Namsingizia mbuzi. Hata mzaha hauji vizuri.

Ijumaa, 7 Machi
Nimelijua. Baada ya swala sikurudi kazini, nimekaa nyumbani kutazama. Mke wangu, Bi Tatu, anamimina maziwa kikombeni, halafu anaongeza kombe: zile aya alizoandika mwalimu wa chuo cha Kurani kwa zafarani juu ya sahani, zikaoshwa kwa maji ya kisima. Kisima chenye vyura. Kila kikombe, tangu Jumanne. Eti maziwa yaliyofungiwa ndani ya chuma yanahitaji baraka.

Sikusema kitu. Mimi, nisiyenyamaza hata msibani. Nikisema kombe linamdhuru mtoto, nitalala barazani hadi kufa, na akhera nitaulizwa. Tena si kombe. Ni maji.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekwenda kwa mwalimu. Nimeuliza kwa woga kama mtoto wa chuo: kombe likichemshwa, linaharibika?

"Maneno hayaungui, Mzee Bakari. Chemsha."

Nimemweleza Bi Tatu yote. Kalia. Hilo sikulitaka. Chupa ya kombe kaibeba mwenyewe, kaitia chunguni, kaketi karibu akisoma Yasini mpaka mshale ukalala. Faustini, Mkatoliki yule, kavua kofia.

Jumapili, 9 Machi
Anahara, ila kidogo. Sithubutu kuandika zaidi.

Jumanne, 11 Machi
Winda mbili tu za mtoto kambani tangu asubuhi. Alhamisi zilikuwa tisa. Mwanaidi kanywa, kacheua, kalala. Faustini kauliza kama bado namsingizia mbuzi. Nimemwambia mbuzi kasilimu.

Bi Tatu kaosha chupa. Tatu za maziwa, moja ya kombe. Zimeinamishwa juu ya ungo, zinakauka.