Rangi ya Dang'a

Jumanne, 4 Machi 2025

Rangi ya dukani imeisha na sinunui nyingine. Nimeamua. Makopo matupu nimeyaosha: mawili nimepandia vitunguu vya majani, moja la brashi, moja bado sijui la nini. Mwaka huu nachora na vya hapa hapa Ihanda. Udongo mwekundu, mkaa, majivu — na utomvu wa mgomba. Kila mtoto wa huku anajua utomvu ukigusa nguo hautoki mpaka nguo ichanike. Tulichapwa sana kwa ajili hiyo. Mimi imenibidi nifike miaka arobaini na tisa ndipo nione kwamba ile ni rangi, na inajitoa bure.

Parokia wameniahidi ukuta wa ukumbi, Jumapili ya pili baada ya Pasaka. Picha kumi na mbili. Ninazo tatu, na moja siipendi.

Placida wa dukani kanitunzia maboksi ya sabuni nichoree. Ananiita Mama Takataka, anacheka huku ananipa. Siku akiacha kunitania nitajua nimemkosea.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemchora Nizigiyimana. Mrundi, mwenye mke, mtu wa makamo. Analima kibarua katika nyumba tano za kitongoji hiki, anapalilia, anakata majani ya migomba. Kwa jirani yangu Bibi Mukandekezi ni kila Alhamisi. Kabla hajaingia kibanjani, kwenye shamba la migomba la nyumba, anakoka moto wa majani makavu pale njiani, anapitisha panga, upande huu, upande ule, mpaka chuma kibadilike. Ndipo anaingia. Ni kanuni ya mnyauko, ule ugonjwa wa migomba: panga likitoka shamba la mtu lipite motoni kwanza. Kila mtu anaijua. Wanaoifuata ni wachache.

Mwanga ulimpiga usoni vizuri mno. Nikamwomba arudie. Karudia mara tatu bila kununa. Nikamuuliza kama hufanya hivyo siku zote au ni kwa sababu yangu.

"Mwalimu, panga la mgeni linaangaliwa kuliko la mwenyeji," akasema.

Nimeandika tarehe nyuma ya picha. Ya nne hii. Naipenda.

Jumamosi, 8 Machi

Kituntu, kwa shangazi. Kwenda bodaboda, kurudi nusu ya njia kwa miguu. Ningesema natunza mazingira, lakini ukweli ni kwamba dereva alikataa kunisubiri.

Shangazi akiwa jikoni nikazunguka nyuma na kisu changu na kichupa. Pembeni kabisa kuna mgomba mmoja, jani moja limelegea katikati, nikadhani ni jua. Nikauchanja. Kwa kawaida utomvu hutoka kama maji, ukikauka ndiyo unakuwa wa kahawia. Huu ulikawia. Halafu ukaja taratibu, mzito, wa njano hafifu — rangi ya dang'a! Maziwa yale ya kwanza, ng'ombe akishazaa. Sijawahi kuona utomvu wa namna hiyo. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Nimejaza kichupa nusu.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya misa nilipita kwa Bibi Mukandekezi na vitunguu vyangu. Nikamwomba nichanje migomba yake kidogo. Akasema chanja mwanangu, haijawahi kukamuliwa, labda itafurahi. Nilichanja kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, ile ya kando ya njia, nikitafuta dang'a. Hakuna. Maji tu yote.

Basi nikakaa nikamchora mikono yake akimenya ndizi, kwa rangi ya Kituntu. Sijui nisemeje. Tangu nirudi kutoka Mwanza sijachora kitu kama hiki. Ngozi ya mikono ile imekuja yenyewe. Bibi akaitazama muda mrefu, akajifuta vidole kwenye khanga kana kwamba picha imemchafua. Akasema mikono yake haijawahi kuwa mizuri hivyo hata alipoolewa.

Kanipa mkungu mzima. Nimekataa, kakasirika, nimechukua.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Maboksi yanashika ukungu. Picha saba. Sina zaidi.

Jumatano, 9 Aprili

Bibi ananiambia migomba yake kadhaa inageuka njano, na ndizi zinaiva kabla hazijakomaa. Anadhani mvua imezidi. Nikamwambia naam, mvua imezidi. Nilivyo mtaalamu.

Jumatatu, 14 Aprili

Bwana shamba amekuja kwa Bibi. Majirani tulijaa, mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Ambrose, mbele. Bwana shamba akakata shina la mgomba mmoja, akatuambia tusubiri. Tukasubiri. Bibi alikuwa ameshika mkono wangu.

Ukatoka. Taratibu, mzito, wa njano hafifu.

Akasema ni mnyauko. Wazee waligumia, wao waliuona ule wa zamani. Mimi miaka ile migomba ilipokufa nilikuwa Mwanza nafundisha darasa la saba, habari niliipata kwa simu. Usaha huu wa njano sikuwahi kuuona kwa macho.

Niliuona Machi nane. Nikaupa jina. Nikautia kwenye kichupa.

Niliondoka bila kuaga. Hapa mezani nimekiweka kisu. Ni kidogo, nilikitengeneza mwenyewe kwa kipande cha msumeno, mpini ni wa mti wa mbuni. Nimekitazama kuanzia saa tisa hadi kuku wanaingia bandani. Kanuni ya moto naijua vizuri, niliwafundisha watoto wa watu kwa ubao na chaki. Ila kanuni inasema panga, na mimi hiki sijawahi kukiita panga. Kwangu ni brashi.

Jumatano, 16 Aprili

Tumeng'oa. Ishirini na mitatu, kwa sababu ugonjwa umeshasambaa kwenye migomba ya karibu. Nilishika jembe tangu asubuhi, viganja vimechubuka. Kumi katika ile kumi na mmoja niliyoichanja ilikuwemo, na kovu langu usawa wa kiuno, chale fupi ya kulala. Hakuna aliyeiuliza. Kila chale niliyoiona niliikata mwenyewe, haraka.

Bibi anawaambia watu tazameni Mwalimu, hajazaliwa nyumbani kwangu lakini analima kuliko waliozaliwa. Nilitamani ardhi ipasuke. Amebakiwa na kahawa, na kahawa hailiwi.

Kwa Placida jioni, wanaume kwenye benchi walikuwa wameshafika kwenye jibu. Migomba iliyoanza ni ya kando ya njia, kwa hiyo aliyeleta ni mtu wa kupita na panga. Nani anapita na panga kila wiki? Jina halikutajwa. Halikuhitaji kutajwa.

Ijumaa, 18 Aprili. Ijumaa Kuu

Nilikwenda kwa Bibi nimwambie. Nilikuwa nimepanga maneno. Nimefika, shikamoo, marahaba, kaa. Akaniletea sahani: maharage na ndizi za mkungu wake wa mwisho mzima, alioutoa upande wa chini. Akasema alinitunzia.

Nimekula. Nimesema asante. Nimerudi nyumbani. Hiyo ndiyo habari yote ya leo, na naona aibu kuiandika.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Nizigiyimana hajapata kazi tangu Jumanne. Nyumba mbili zilimrudisha njiani, ya tatu ilimwambia aache hata kuchota maji kwao. Alhamisi kuna kikao cha kitongoji. Inasemwa ataambiwa ahame.

Nimekwenda kwake na ile picha. Mkewe, Uwiduhaye, alinipa kiti pekee. Godoro lilikuwa limeshafungwa kamba, limesimamishwa ukutani. Hawakulitaja, na mimi nikajifanya silioni.

Nikamwonyesha. Panga, moto, uso wake, kibanja cha Bibi nyuma, tarehe. Aliishika kwa pembe zake asiiguse katikati.

"Mwalimu, hii utaileta kwenye kikao?"

Nikasema nitaileta.

"Basi Mungu alikuona wewe kabla yetu, akakutuma," Uwiduhaye akasema, akaanza kulia.

Nikanywa uji wao. Nikaaga. Yaliyobaki sikuyasema. Nilikuwa na nafasi, tulikuwa watatu tu, mlango umerudishwa. Sikuyasema.

Jumatatu, 21 Aprili

Shangazi kapiga simu. Migomba yake inakufa. Ilianza na ule mmoja wa pembeni, anasema, alidhani jua.

Nimemwambia aukate mapema na asipite na panga kwingine bila moto. Akauliza mbona naongea kama nina mafua.

Kwa hiyo hata lile "labda" nililokuwa nalo limekwisha. Nilikuwa nalilalia kila siku kama mto.

Jumatano, 23 Aprili

Leo nimekoka moto uani, nikapitisha kisu, upande huu, upande ule. Wiki sita zimepita! Mpini umeungua kidogo. Sijui nilifikiri nini.

Nimepiga hesabu ya kesho, si vigumu. Nikipeleka picha na kunyamaza, Nizigiyimana atabaki. Watanishukuru. Parokia watasikia, ukumbi utajaa. Nitakuwa Mwalimu aliyemwokoa mgeni kwa brashi. Jambo lenyewe litakuwa jema kweli, hakuna uongo hata mmoja ndani yake. Hapo ndipo hesabu inapokataa.

Nikisema yote: Bibi. Namwona Bibi tu. Hasira ya watu naiweza, nilifundisha darasa la watoto tisini. Naogopa ile sahani ya Ijumaa Kuu, jinsi atakavyoikumbuka.

Picha ya mikono yake iko ukutani mbele yangu. Rangi inazidi kukolea. Ndiyo bora kuliko zote kumi na moja, na nimejaribu kuichukia, nimeshindwa.

Alhamisi, 24 Aprili

Naandika hapa hapa kikaoni, nje ya nyumba ya mwenyekiti. Nina daftari magotini, wanadhani ninachora. Ni saa kumi. Watu kama arobaini. Bibi kakaa benchi moja na mimi, upande wa kulia. Nizigiyimana amesimama mbele, kofia mkononi. Hajaambiwa akae.

Mzee Ambrose alifungua kwa sala, akaeleza jambo. Hakutumia maneno makali. Alisema kibanja ni chakula, na aliyeleta ugonjwa, hata bila kukusudia, hawezi kuendelea kutembea na panga katikati yetu.

Nilisimama na picha. Nilisema niliichora Machi sita, nilimwomba arudie, tarehe hii hapa. Imezunguka mkono kwa mkono. Placida kasema kwa sauti kwamba haya, takataka leo zimetoa ushahidi. Wamecheka kidogo, hata Ambrose. Bibi naye akasimama, kaapa kwamba huo moto ameuona kila Alhamisi kwa miaka minne, moshi ukimwingilia jikoni.

Wamekubali. Ambrose kamwambia Nizigiyimana akae. Kakaa chini palepale kwenye nyasi. Kanitazama, kaweka mkono kifuani. Nimeinama nikaandika mstari huu.

Nilidhani kikao kingeishia hapo.

Ambrose sasa anauliza: kama si panga la huyu, basi ni la nani? Mtu wa nyuma kataja jina — Nsanzimana, yule kibarua mpya anayelima upande wa Kihanga, si hupita njia ileile? Wengine wanaitikia, ndiyo, hupita. Mwingine anasema alimwona na panga lisilo na hata alama ya moshi. Nsanzimana hayupo. Hajui hata kama anatajwa. Mimi mtu huyo sijawahi kumchora, sina picha yake.

Ambrose anaandika jina.

Kisu kiko kwenye mkoba, kati ya penseli. Nimekitoa. Kiko juu ya ukurasa huu, nakizungukia ninapoandika. Bibi amekiona, ananong'ona mpini umeungua na nini, pole, kilikuwa kizuri.

Ambrose ameuliza kama kuna mwenye la ziada kabla hajafunga. Anatazama upande wetu, anatabasamu, ananitegemea.

Bibi kanishika mkono, kama siku ile.

Nimeuachia mkono wake. Hapo aliposhika panawasha.

Naweka penseli chini, nisimame na kisu.