Kwao Hakuna Anayeuliza Unaenda Wapi

Kukhu, nyanya yangu mpendwa,

Nakuandikia kwa Kiswahili, na najua ungenicheka. Huko kwenu Uganda, ng'ambo ya mto, Kiswahili ni lugha ya wanajeshi. Nilipokuwa mdogo nikikusalimu kwa maneno niliyofundishwa darasani, ulikuwa ukiwapigia majirani kelele: "Ficheni kuku! Askari amefika!" Halafu ulinivuta karibu yako, ukaniambia niongee kama watu, kwa lugha yetu. Lakini lugha yetu sikufundishwa kuiandika, Kukhu. Kiswahili ndicho ninachoweza kukiandika bila kufutafuta. Kama ungekuwepo, Khocha, yule mjomba wangu asiyechoka kukusomea barua zangu, angekusomea na hii na kuigeuza kwa lugha yetu huku anaendelea.

Wiki iliyopita tulikuwa na somo la Jiografia. Mwalimu wetu hapa Kitale ni msichana wa Kizungu anayeitwa Miss Anneke, kwao ni Uholanzi. Alichora ramani ya Ulaya ubaoni, akaweka nukta ndogo kwa chaki nyekundu, akasema hapo ndipo nyumbani kwa mama yake. Kisha akatueleza Jumamosi yao inavyokuwa. Wanakunywa chai nyumbani. Wanaingia kwenye gari, wanaweka petroli Ubelgiji, wananunua mkate mweusi Ujerumani kwa sababu baba yake anaupenda, na jioni wamerudi kwao wanalisha paka.

"Ati Miss, nchi tatu siku moja?" aliuliza Rose, anayekaa dawati moja na mimi.

"Ni karibu," alisema Miss Anneke.

"Na askari wa mpaka?"

"Mara nyingine yuko mmoja. Amevaa kofia. Anapunga mkono."

"Anapunga tu!" Rose aligeukia darasa. "Na sisi kwenda tu hapo Endebess, lazima tuandikie hedmistresi barua!"

Darasa zima lilicheka. Mtu nyuma akasema, "Bana, Wazungu wana miguu." Miss Anneke alicheka pia. Aliendelea kutueleza kwamba Wazungu wengi, wakipata likizo, hawaendi mbali. Wanaenda nchi ya jirani. Wanafuata bahari, au theluji, au shangazi, au hawafuati kitu chochote, wanakwenda tu kula chakula cha mchana na kutazama watu wengine.

Niliinua mkono. Nikauliza, "Hakuna anayewauliza mnaenda wapi?"

Alifikiri kidogo. "Akiuliza, tunamwambia tunaenda kununua mkate. Si ndiyo ukweli?"

Baadaye tuliambiwa tuandike ukurasa mmoja juu ya sababu zinazowafanya watu watembelee nchi jirani. Niliandika kichwa cha habari, nikakipigia mstari kwa rula, nikabaki hapo mpaka kengele ikalia. Nikakusanya karatasi yenye kichwa peke yake. Miss Anneke aliniuliza kama ninaumwa. Nilisema hapana, na kweli sikuwa naumwa. Sikuwa na huzuni pia. Nilikuwa vile nimekuwa tangu likizo ya Aprili ya mwaka jana, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Aliponirudishia karatasi hakuwa ameweka alama. Alikuwa ameandika pembeni: Andika ukiwa tayari.

Kwa hiyo naandika, lakini si kwake.

Nakumbuka tulivyokuwa tunakuja kwako, Kukhu. Kiangazi mto ulikuwa haufiki magotini. Mama alivua viatu vyake na vyangu, akavifunga kwa kamba moja, akavitundika shingoni. Pale kivukoni palikuwa na wanawake wakifua, wengine wa huku, wengine wa huko, na sabuni walikuwa wanarushiana. Kufika kwako tulikuta malewa yako tayari yamechemka tangu asubuhi, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani uliyoyakausha kwa moshi, unayakorogea karanga. Hukuwahi kuniuliza nimekuwa nambari ngapi darasani. Uliniuliza, "Umekula nini?" Nikijibu, uliuliza tena, "Na jana?"

Uliniambia kwamba ulikuwa ukinunua chumvi upande wetu, ukisali upande wetu, na Mama ukamzalia upande wenu, na hakuna hata siku moja uliyosema umesafiri. "Safari ni Mombasa," ulisema, na Mombasa hukuwahi kuiona.

Halafu wakubwa wa nchi zetu mbili walikosana. Sisi hatukujua wamekosania nini. Wanajeshi wakaja, kivuko kikakatazwa, ikabaki njia moja ya darajani, iliyozuiwa kwa kamba. Lakini siku ya soko waliwaachia kina mama wapite na vikapu. Kila mtu alijifunza haraka: beba kikapu, ukiulizwa sema "sokoni," usisimame. Mke wa pasta alisema sokoni akienda kuwaombea wagonjwa. Dada aliyeolewa huko alisema sokoni akimleta mtoto aonekane kwa wazazi wake. Wanajeshi wenyewe walijua. Hakuna aliyeuona kuwa ni uongo, ilikuwa kama kubisha hodi.

Mwaka jana, Aprili, mwanamke mmoja muuza vitunguu alituletea habari kwamba huli tena, na kwamba unamuita Mama kwa jina. Siku ya soko ilikuwa kesho yake. Mama alitayarisha vikapu viwili, akatia vitunguu na sabuni juu, na chini akaweka nguo zetu. Gauni langu la nyumbani lilikuwa halijakauka, nikavaa yunifomu. Njiani Mama alinishika bega, akasema, "Ukiulizwa, ni soko. Umesikia?" Nikasema nimesikia.

Mwanajeshi alikuwa anakula muhindi wa kuchoma.

"Mama, wapi?"

"Soko."

"Na huyu na yunifomu? Siku hizi soko wanafundisha hesabu?" Kina mama walio nyuma yetu walicheka. Akanitazama mimi, akainama kidogo, akiwa bado anatabasamu. "Ee, msomi, unaenda wapi?"

Kukhu, mimi nimefundishwa vizuri. Mtu mzima akikuuliza swali, unasimama wima, unamtazama, unajibu kwa sentensi kamili. Nimepewa zawadi shuleni kwa sababu hiyo. Nilisimama wima. Nikasema, "Tunaenda kumwona nyanya yangu. Ni mgonjwa sana. Mama alizaliwa huko, na tutakaa naye mpaka apate nafuu."

Kicheko kilikatika. Mwanamke mmoja nyuma yangu alisema, "Yesu." Mwingine akasema kwa sauti ya chini, "Huyu mtoto naye! Si angesema soko tu?"

Nafikiri hata yule mwanajeshi alitamani asingesikia. Lakini mkubwa wake alikuwa amesimama nyuma yake, na alikuwa amesikia kila neno. Ndiye aliyemwuliza Mama, "Umezaliwa huko? Lete kipande." Mama hakuwa na kipande, yaani kitambulisho, cha hapa wala cha huko. Aliolewa kabla watu hawajaulizana mambo hayo. Tulikalishwa kwenye benchi mpaka mchana, tukiwatazama wenzetu wakipita na vikapu vyao. Kisha tukaambiwa turudi tulete barua ya chifu. Chifu alikuwa ameenda mkutano Cheptais. Tulimngoja siku hiyo, na siku iliyofuata.

Mama hakunigombeza. Wakati wa kurudi alibeba vikapu vyote viwili, na nilipotaka kupokea kimoja alikihamishia mkono wa pili. Hilo tu.

Siku ya tatu tulivuka na barua yenye muhuri. Tulipofika migombani tuliona majani yamekatwa na watu wameyakalia, na hakuna aliyesimama kutupokea. Walikuwa wamekuzika jana yake jioni. Khocha alikuja akamshika Mama mikono yote miwili.

"Dada, tuliwangoja," alisema. "Tulingoja mpaka jua likashuka."

"Alisema nini?" Mama aliuliza.

"Alikuwa anauliza kama mto umejaa."

"Mkamwambia nini?"

"Tukamwambia ndiyo. Umejaa sana."

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi, Kukhu. Haikukuingia akilini kwamba kuna kitu kingine cha kumzuia mtoto wako isipokuwa maji. Na wao wakakupa jibu ambalo ungelielewa.

Siku ya kunyolewa kwa ajili ya msiba nilikaa kwenye mstari pamoja na wajukuu wengine. Shangazi alinilowesha kichwa, nikasikia ubaridi wa maji, nikasikia wembe. Nilikuwa nangoja nilie. Wengine walikuwa wanalia. Nilitazama nywele zangu zikianguka kwenye majani, nikafikiri, sasa hivi nitalia. Nywele zimeota tena na bado nangoja.

Simchukii Miss Anneke. Hakufanya kosa kutueleza kwao kukoje. Nikiwa kitandani bwenini huwa namfikiria yule mtu wao mwenye kofia, anayepunga mkono. Siombi mengi. Naona kama anaweza kusimama hata hapa kwetu, siku moja, na mtu akapita mbele yake akiwa na sababu yake mwenyewe.

Jumapili iliyopita ilikuwa siku ya wazazi kutembelea. Mama alikuja kutoka nyumbani Sirisia, tukakaa kwenye nyasi nyuma ya maktaba, akanipa mayai ya kuchemsha. Kuna swali nilikuwa nalo mwaka mzima. Nikaliuliza nikiwa natazama maganda.

"Mama, ulitaka niseme uongo?"

Alikusanya maganda kwenye kiganja chake.

"Nilitaka unyamaze," alisema. "Ningesema mimi." Kisha akasema, "Lakini alikuuliza wewe. Na mimi ndiye niliyekupeleka shule."

Alifungua mkoba, akatoa fomu iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ya kuomba kipande. Alisema Baba alitaka kumjazia, lakini yeye akakataa, akasema ataniletea mimi. Niliiweka juu ya kitabu changu cha Jiografia. Jina: Khainza. Nikafika mahali pa kuzaliwa, nikainua kalamu. Watu wengi wa kwetu huandika Sirisia hapo, mambo yanakwisha.

"Niandike wapi, Mama?"

"Nilikozaliwa ni wapi?"

"Watasumbua."

"Wacha wasumbue. Safari hii hakuna mgonjwa anayetungoja."

Nikaandika Uganda. Mstari uliofuata ulitaka jina la mama mzazi. Mama akataja: Yunia Mutonyi. Kukhu, katika miaka yangu yote kumi na sita sikuwahi kuliandika jina lako. Nililiandika polepole. Na mbele ya jina palikuwa na nafasi ndogo ya kueleza kama yuko hai au amefariki.

Mama alikuwa ametazama pembeni, kwa wasichana waliokuwa wakicheza mpira wa wavu.

"Andika tu," alisema.

Niliandika herufi ya kwanza, nikaona karatasi inalowa. Mama aliivuta haraka fomu isiharibike, akaipangusa kwa kitambaa chake, akaipuliza. Kisha akanirudishia kalamu, akanishika mkono wa kushoto, akangoja nimalize kwa mkono wa kulia.

Fomu imeshapelekwa. Hawajajibu.

Pumzika, Kukhu. Mto haukuwa umejaa.

Ni mimi mjukuu wako, mtoto wa Khainza,
Nekesa